Kindu: Kutoka Treni Hadi Pikipiki, na Kwa Nini Gurudumu la Nyuma Linafunga Njiani

KINDU – Piki inatembea vizuri usiku, imebeba abiria wawili na gunia la mchele. Ghafla taa inazimika, gurudumu la nyuma linafunga, na wote wanajikuta chini. Asubuhi yake maneno yanakuwa mengi mtaani. Mmoja anasema dereva alikuwa amelewa, mwingine anasema kuna mkono wa mtu. Fundi anayefungua piki hiyo mara nyingi anakuta kitu kingine: sheni imekunjamana karibu na injini kama kamba ya mtumbwi.

Ajali ya namna hiyo ina sababu ya chuma, lakini pia ina historia. Ni historia ya mji ambao ulijengwa kwa ajili ya treni na mashua, na leo unabebwa na mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wawili.

Kabla ya reli, Maniema ilitembea kwa miguu. Wakati wa Tippu Tip, misafara ya pembe na ya watumwa ilipita Nyangwe na Kasongo, na mizigo ilikuwa juu ya vichwa na mabega ya watu. Mwaka 1902 iliundwa kampuni ya reli ya Kongo ya juu kuelekea Maziwa Makuu, ile ambayo wazee wanaijua kwa jina la CFL. Kazi yake ilikuwa kuunganisha sehemu za mto ambako mashua haziwezi kupita. Mwaka 1906 reli ya Stanleyville hadi Ponthierville, yaani Kisangani hadi Ubundu, ilikwisha. Kutoka Ubundu mashua zilipanda hadi Kindu. Mwisho wa mwaka 1910 reli ya Kindu hadi Kongolo ikafunguliwa, kilomita zaidi ya 350.

Kindu ikawa mahali pa kushusha na kupakia. Bandari, stesheni na karakana vilileta watu wa kila kabila, na vijana walijifunza hapo kazi ya chuma: kulehemu, kukaza bolti, kutia grisi. Mzigo mzito ulikuwa wa treni na mashua. Njia za gari zilifuata, hasa kuelekea Kalima kwenye machimbo ya bati.

Baada ya uhuru mambo yalianza kuharibika polepole. Mwaka 1974 makampuni ya reli yaliunganishwa kuwa shirika moja la taifa. Mabehewa yalizeeka, madaraja ya mbao yalioza, malori yakawa machache. Mwaka 1988 Maniema ilitengwa na Kivu ikawa jimbo, na Kindu ikawa mji mkuu wake, lakini mji mkuu huo ulikuwa unafikiwa kwa shida.

Kisha vita vikaja. Oktoba 1998 waasi wa RCD waliuchukua mji, na Mayi-Mayi wakashika vijiji vilivyouzunguka. Watu wa mjini hawakuweza kwenda mashambani bila kuhatarisha maisha yao. Treni ilisimama kwa miaka, hadi ilipofika tena mwaka 2004, baada ya mapatano ya serikali ya mpito. Katika miaka hiyo aliyeokoa jamaa nyingi ni mtu wa baiskeli. Chumvi, sabuni, mawese na mchele vilisukumwa juu ya baiskeli porini, siku nyingi, mtu akilala njiani. Alipovunjika mnyororo, aliukata na kuuunga kwa jiwe na msumari, akaendelea.

Pikipiki zilikuwapo tangu zamani, lakini zilikuwa za misioni, za waganga na za mashirika. Wengi wanakumbuka Yamaha AG 100, piki ya mashambani ambayo sheni yake imefunikwa pande zote ili matope yasiingie. Amani iliporudi, zilikuja piki nyingine za bei nafuu kutoka Uhindi na Uchina: TVS, Bajaj Boxer, Haojue na nyingine. Hizo ndizo zilizofanya vijana wengi, hata waliotoka kwenye silaha, kupata kazi ya kubeba watu. Ni piki nzuri na hazinywi esanse nyingi. Lakini nyingi zina sheni iliyo wazi au iliyofunikwa nusu tu, na hazikutengenezwa kwa ajili ya abiria watatu na gunia kwenye mashimo ya njia ya Kalima. Kwa maneno mengine, treni ilianguka, lori likaanguka, na mzigo wao wote ukashuka juu ya sheni moja nyembamba.

Hapo ndipo historia inakutana na ufundi. Sheni inatakiwa kuwa na nafasi ya kucheza juu na chini, kiasi cha vidole viwili hivi. Dereva anayeikaza sana wakati piki haina mzigo anajidanganya, maana mzigo ukipanda na gurudumu likaanza kuruka, sheni inazidi kukazika hadi inavuta kiungo. Yule anayeiacha ilegee, inaruka kwenye meno ya pinyo. Matope na mchanga wa mtoni vinamaliza kazi.

Sheni ikikatika au ikitoka, inaweza kujikunja kati ya pinyo na chuma kinachoshika gurudumu. Gurudumu linafunga mara moja. Ikijikunja mbele, chini ya kifuniko cha pinyo ndogo, inaweza pia kukata nyaya, kwa sababu kwenye piki nyingi nyaya zinazotoa umeme kwenye injini zinapita karibu na hapo. Kwa hiyo ugonjwa mmoja unaonekana kama magonjwa mawili: gurudumu limefunga na umeme umekufa.

Kuna jambo jingine linalowadanganya watu. Kwenye piki nyingi ndogo, taa kubwa ya mbele inapata umeme kutoka kwa injini inayozunguka, si kwa batiri. Gurudumu likifunga, injini inazimika, na taa inakwenda nayo. Aliyeanguka atasema taa ilizimika kwanza ndipo akaanguka. Kumbe gurudumu ndilo lilianza.

Mafundi wenye uzoefu hawaanzi kubadilisha vyuma. Wanauliza maswali kwa mpangilio. Kwanza wanaweka piki kwenye nyutro na kuisukuma. Gurudumu likizunguka, shida iko kwenye injini, mara nyingi oili ilikwisha na pistoni ikanasa. Lisipozunguka, wanatazama sheni. Sheni ikiwa nzima, wanalegeza nati ya freni ya nyuma. Likifunguka hapo, freni ndiyo iliyoshika: ama ilikazwa mno ikapata moto, ama bolti ya chuma kinachozuia sahani ya freni isizunguke imedondoka. Bolti hiyo ndogo inaweza kuua mtu. Mwisho wanapima rulema za gurudumu kwa kulitikisa kushoto na kulia.

Kwa umeme wanaanza na honi. Honi ikilia, batiri na fizibo viko hai, na shida inatafutwa kwenye nyaya za injini. Honi ikinyamaza, wanaangalia vichwa vya batiri, kisha fizibo. Fizibo mpya ikiungua tena, kuna waya uliochubuka unaogusa chuma. Kuweka kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fizibo ni kuifanya piki iungue nyaya zote. Na taa za ziada, redio na chaja za simu zinazoongezwa bila hesabu zinachosha batiri kila siku.

Dereva naye ana la kufanya katika sekunde hiyo. Gurudumu la nyuma likifunga, avute klachi, ashike usukani sawa, asikate kona, asikamate freni ya mbele kwa nguvu. Ikiwa ni injini iliyonasa, klachi italifungua gurudumu. Ikiwa ni sheni, klachi haitasaidia, lakini piki ikiwa imesimama wima itateleza hadi kusimama. Mwendo mdogo ndio unaompa nafasi hiyo.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2025. Goma ilianguka Januari, Bukavu ikafuata Februari, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Vifaa vingi vya pikipiki vilikuwa vinapita njia hiyo kufika Kindu. Kifaa kikikosekana, dereva anafunga sheni ya zamani kwenye pinyo mpya, au anaunga kiungo kilichochoka. Wakati huohuo, jamaa zilizokimbia vita zinatembea kwa piki hizohizo: mama mbele na mtoto, baba nyuma na godoro. Wakifika Alunguli wanavuka mto kwa mtumbwi, piki ikiwa ndani, ikilowa maji kabla ya kuwashwa tena upande wa pili.

Kwa jamaa hizo, kuuliza si aibu. Kabla ya kupanda, mzee anaweza kumwambia dereva: "Mtoto wangu, tuonyeshe sheni yako." Kitambaa, kanga na kamba ya mzigo vifungwe mbali na gurudumu, maana navyo vinafunga kama sheni. Mzigo ugawanywe, hata kama ni safari mbili.

Wazee wa reli walikuwa na desturi ya kupita kando ya treni kabla haijaondoka, wakigonga magurudumu kwa nyundo na kusikiliza sauti yake. Treni imekuwa adimu, lakini desturi hiyo haikuhitaji reli. Dakika mbili za kushika sheni, kutazama bolti ya freni, kupima oili na kupiga honi zinatosha. Mji huu umezika watu wengi kwa vita. Usizike wengine kwa bolti moja.