Vifaru vya rafiki: uwezo wa kumpiga Amin ulitoka wapi?

Kila inapotangazwa kwamba nchi iliyovamiwa itapewa vifaru au ndege za kivita na marafiki zake, mjadala vijiweni huwa ni uleule: vikifika tu, vita imekwisha. Tumeusikia sana tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022. Lakini sisi Watanzania hatuna haja ya kwenda mbali kupima hoja hiyo. Nchi yetu nayo iliwahi kuvamiwa, na silaha ilizopigania karibu zote zilitengenezwa na watu wengine.

Tuanze na ramani. Kama unatoka Ngara, unaujua mto Kagera pale maporomoko ya Rusumo, mpakani na Rwanda. Mto huohuo unapanda kaskazini, unakata kona kuelekea mashariki, unapita Kyaka na kuingia Ziwa Victoria. Kipande cha Tanzania kilichopo kati ya mto huo na mpaka wa Uganda ndicho Idi Amin alichokivamia kwa nguvu mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba eneo hilo, kama kilomita za mraba 1,840, sasa ni la Uganda. Raia wengi waliuawa na maelfu wakakimbilia kusini mwa mto. Wilaya za Ngara na Biharamulo hazikukaliwa na majeshi ya Amin, lakini zilikuwa ndani ya mkoa uleule, ambao wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja baada ya vita.

Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa. Karibu kila Mtanzania anayajua yale maneno matatu: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Sababu na nia zinaeleweka haraka, kwa hiyo leo tushughulike na uwezo. Ulitoka wapi?

Jibu fupi: ulitoka miaka 14 nyuma. Jeshi la zamani liliasi Januari 1964, likavunjwa, na JWTZ ikaundwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Serikali ikaanza kutafuta marafiki wa kulifunza jeshi jipya. Ujerumani Magharibi ilikubali kusaidia kuanzisha kikosi cha anga. Mwaka 1965 ikajitoa, kwa sababu Tanzania iliiruhusu Ujerumani Mashariki kuwa na ofisi ya ubalozi mdogo nchini. Yaani ugomvi wa Wajerumani wao kwa wao ukawaacha marubani wetu bila walimu. Kanada ikachukua nafasi hiyo hadi 1970. Mapema kabisa nchi ilijifunza kwamba silaha ya rafiki huja pamoja na siasa za rafiki.

Aliyekaa muda mrefu zaidi ni China. Wakufunzi wake walianza kuja 1964, na baadaye zikafuata silaha kubwa: vifaru vya Type 59, vifaru vyepesi vya Type 62, na ndege za kivita. Katika miaka ya 1970 Umoja wa Sovieti nao ukaleta ndege za MiG-21 na mitambo ya kurusha makombora mengi kwa mfululizo, ile ambayo katika vita hii ilikuja kujulikana kama "Saba Saba". Kumbuka lakini kwamba Wasovieti haohao walikuwa wamempa Amin MiG na vifaru. Kabla yao, Waisraeli walimpa vifaru vya Sherman, kisha akawafukuza mwaka 1972. Rafiki wa Tanzania na rafiki wa mvamizi walikuwa mtu yuleyule.

Sasa, mvamizi ameingia. Silaha zipo na watu wanajua kuzitumia. Mbona basi haikuwa kazi ya wiki moja? Hapa ndipo Biharamulo inapoingia.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Ukifika Mwanza, ama unavuka ziwa kwa meli kwenda Bukoba, ama unazunguka kwa barabara. Anayetaka kufika Bukoba kwa nchi kavu akitokea kusini lazima apite Biharamulo, na wakati ule barabara ilikuwa ya vumbi, msimu wa mvua ikawa tope. Kifaru cha Type 59 kina uzito wa tani 36. Piga picha uzito huo kwenye behewa, kisha kwenye kivuko, kisha kwenye madaraja ya kijijini. Na kifaru hakisafiri peke yake. Kinafuatwa na mafuta, risasi, vipuri, mafundi na chakula cha askari. Serikali ililazimika kuchukua mabasi na malori ya watu binafsi ili kubeba jeshi, ambalo kwa kujumlisha mgambo lilikua kutoka chini ya watu 40,000 hadi zaidi ya 100,000.

Tarehe 3 Novemba majeshi ya Amin yakalipua daraja la Kyaka. Hapo hata kifaru bora duniani kingesimama ukingoni kikitazama maji. Ilibidi wahandisi wa jeshi waweke madaraja ya muda ndipo silaha nzito zivuke.

Ndege nazo zina somo lake. Siku hizohizo za Novemba, ndege tatu za kivita za Tanzania zilitunguliwa karibu na Musoma na kikosi chetu wenyewe cha ulinzi wa anga, kilichodhani ni za adui. Ndege nzuri na makombora mazuri bila mawasiliano mazuri vinaweza kukugeukia.

Je, marafiki walifanya nini vita ilipoanza? Msumbiji ya Samora Machel ilituma batalioni ya askari wapatao 800. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulihimiza usuluhishi, jambo lililomkera Nyerere, kwani alitaka kwanza mvamizi alaaniwe. Upande wa pili, Libya ya Gaddafi ilimpa Amin askari, vifaru na hata ndege za kudondosha mabomu za Tu-22. Mwishoni mwa Machi 1979 moja ya ndege hizo ilitumwa kuishambulia Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Walibya walioletwa Lukaya mwezi huohuo walishindwa vibaya. Msaada wa haraka, wenye silaha kali lakini bila watu wanaoijua nchi wala jeshi la Uganda linaloweza kushirikiana nao, haukumwokoa Amin. Kampala ilianguka Aprili 1979.

Ukirudi Ukraine utaona mambo yaleyale. Vifaru vya T-72 kutoka Poland viliingia kazini haraka mwaka 2022, kwa sababu askari wa Ukraine walikuwa tayari wanavijua. Ndege za F-16 zilisubiri marubani na mafundi wafunzwe, zikaonyeshwa hadharani Agosti 2024. Waliokuwa wakihesabu idadi ya ndege walisahau kuhesabu miezi.

Jambo la mwisho ni bili. Inakadiriwa vita iliigharimu Tanzania dola milioni 500 hivi, na sehemu kubwa tuliibeba wenyewe. Mwalimu aliwaambia wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita, na hali ya maduka matupu na foleni za sukari na sabuni ikaendelea hadi miaka ya 1980. Ukiwa na babu au bibi Biharamulo, Ngara au kokote, muulize kuhusu vita, halafu muulize pia kuhusu sabuni. Hilo swali la pili huwa halimo kwenye hesabu za vifaru.