Mtoto Aliyeiandikia Nyumba Barua

Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikipitia Same. Tangu hapo vijana wengi wa Upare waliteremka milimani kwenda kutafuta kazi mbali, wengine katika mashamba ya mkonge. Barua ikawa ndiyo kiungo kati yao na nyumbani.

Lakini nani aandike? Hata Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wazee wengi walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Karani wa nyumba alikuwa mtoto wa shule. Bibi alisema kwa Chasu, mjukuu akaandika kwa Kiswahili.

Kwa hiyo sisi walimu tulipofundisha barua ya kirafiki tulianza na mpango. Anwani na tarehe juu kulia, salamu, kiini, hitimisho, jina: hayo mtoto huyashika upesi. Ugumu uko kwenye kiini. Tuliwaambia: msikilize mwenye barua mpaka amalize, ndipo ushike kalamu. Orodhesha mambo ambayo baba atataka kuyajua: mvua, mahindi, afya ya mama. Andika rasimu, msomee mwenyewe, asahihishe, kisha nakili. Na deni au ugomvi uliomo humo usiutoe nje.

Siku hizi habari hizo hupita kwenye simu. Lakini kumsikiliza mtu mpaka mwisho kabla ya kusema kwa niaba yake, na kumtunzia siri, ni somo ambalo shule isiliache.