Mbunge wa Kigoma na mgodi wa Kahama

Jumamosi ya tarehe 17 Februari 2007, Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alitia saini mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Dhahabu yenyewe iko Kahama, chini ya ardhi ya Mwendakulima na vijiji vya jirani, umbali mdogo tu kutoka mjini. Leseni ilikuwa ya Pangea Minerals, kampuni tanzu ya Barrick ya Canada. Saini ilitiwa London, hotelini.

Miezi sita baadaye saini hiyo ikamtoa bungeni mbunge mwenye umri wa miaka 30. Hakuwa mbunge wa Kahama, wala wa Shinyanga. Alikuwa Zitto Zuberi Kabwe wa Kigoma Kaskazini, mzaliwa wa Mwandiga, mchumi aliyetoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam si muda mrefu. Watu wengi wa ukanda wa dhahabu hawakuwa wamewahi kumsikia. Kufikia mwisho wa mwaka ule jina lake na jina la Buzwagi yalikuwa yakitajwa pamoja, kuanzia vijiwe vya kahawa vya Kariakoo hadi stendi ya mabasi ya Kahama.

Ili kuelewa kwa nini mkataba mmoja uliwasha moto mkubwa hivyo, inabidi turudi nyuma hadi miaka ya 1990. Serikali ilikuwa imefungua milango ya madini kwa mitaji ya nje, na Sheria ya Madini ya 1998 ikaja na masharti mepesi kwa mwekezaji. Mgodi wa Golden Pride wa Nzega, wa kampuni ya Resolute ya Australia, ukatangulia. Geita ukafuata mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, North Mara 2002. Mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3, tena baada ya gharama kadhaa kuondolewa kwanza. Juu ya hapo, mwekezaji aliruhusiwa kurudisha mtaji wake wote kabla ya kutozwa kodi ya mapato ya kampuni. Ile sehemu ya mtaji ambayo haijarudi iliongezewa asilimia 15 nyingine kila mwaka katika hesabu zake. Kwa mahesabu hayo mgodi uliweza kuchimba miaka mingi, ukasafirisha dhahabu kwa tani, na bado kwenye vitabu vyake ukaonekana una hasara.

Wananchi walioishi kando ya uzio wa migodi hawakuhitaji mchumi wa kuwaeleza kwamba kuna jambo haliko sawa. Kumbukumbu ya Bulyanhulu, ambako wachimbaji wadogo waliondolewa kwenye maduara yao mwaka 1996, ilikuwa bado mbichi. Hata halmashauri zilibanwa: mikataba ya migodi mikubwa ya kizazi kile iliweka kikomo cha dola 200,000 kwa mwaka kama malipo kwa wilaya, hata bei ya dhahabu duniani ipande kiasi gani. Barabara na zahanati za Kahama zilisubiri fedha hizo hizo.

Rais Jakaya Kikwete alipoingia madarakani Desemba 2005 aliahidi kuipitia upya mikataba ya madini. Ahadi hiyo iliwapa watu subira. Ndiyo maana habari kwamba mkataba mpya umetiwa saini wakati ile ya zamani ingali inapitiwa, tena ughaibuni, iliwachoma wengi. Naamini suala la London lilikuwa na uzito wake. Mkataba unaohusu udongo wa Kahama ulikuwa na kila sababu ya kutiwa saini Kahama, au Dar es Salaam, au popote ambapo Mtanzania angeweza kuuliza swali siku hiyo hiyo. Lakini jeraha kubwa lilikuwa lile la usiri. Mikataba ya madini ilikuwa siri kati ya serikali na kampuni. Wabunge, wanaopitisha bajeti inayotegemea kodi ya kampuni hizo, hawakuwa na haki ya kuisoma.

Zitto aliliendea jambo hilo kwa njia ya kanuni. Katika mkutano wa bajeti wa mwaka 2007 aliwasilisha hoja akitaka Bunge liunde kamati teule ya kuchunguza mazingira ya kusainiwa kwa mkataba wa Buzwagi. Alihoji haraka hiyo ilitoka wapi, na kwa nini saini haikusubiri mapitio aliyoyaahidi Rais. Chama chake cha upinzani, CHADEMA, kilikuwa na majimbo matano tu katika Bunge lile, kwa hiyo hoja isingepita kwa kura. Nguvu yake ilikuwa katika kusikika, na ilisikika kweli, kwa sababu vikao vya Dodoma vilirushwa moja kwa moja kwenye televisheni ya taifa.

Hoja ilikataliwa. Kisha mambo yakamgeukia mtoa hoja: akatuhumiwa kumsingizia waziri uongo mbele ya Bunge, na Agosti mwaka huo wabunge wakapiga kura kumsimamisha hadi Januari 2008. Spika alikuwa Samuel Sitta, ambaye alikuwa ameahidi Bunge lenye kasi na viwango. Wengi waliokuwa wakitazama waliona aliyeuliza ameadhibiwa, na aliyeulizwa amebaki kwenye kiti chake.

Mimi nahesabu kura ile kuwa kosa kubwa kuliko yote ambayo chama tawala kilifanya bungeni mwaka ule, hata kwa maslahi yake chenyewe. Kama kamati teule ingeundwa, jambo lingefungiwa katika vyumba vya mikutano, likaandikiwa ripoti, likapoa. Badala yake mbunge aliyefungiwa mlango wa Dodoma alifungua milango ya viwanja. Alipokewa Dar es Salaam na umati, viongozi wa upinzani wakazunguka naye mikoani, na hoja iliyonyimwa kamati ikajadiliwa kwenye mikutano ya hadhara. Tarehe 15 Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alisoma majina 11 ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi, na jina la Karamagi lilikuwamo. Mkutano ule ulianzisha msamiati na hasira iliyoendesha siasa za upinzani kwa miaka minane iliyofuata.

Kikwete alisoma upepo. Novemba 2007 aliunda kamati ya kuipitia sekta ya madini, akamweka Jaji Mark Bomani kuiongoza. Jina la Bomani lina heshima ya pekee Usukumani: kaka yake, Paul Bomani, ndiye aliyewaunganisha wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa katika ushirika mkubwa miaka ya 1950, kisha akawa Waziri wa Fedha baada ya uhuru. Mark mwenyewe alikuwa Mwanasheria Mkuu wa kwanza Mwafrika wa Tanzania. Miongoni mwa wajumbe walikuwamo John Cheyo wa Bariadi, Ezekiel Maige, aliyekuwa mbunge wa Msalala hapo hapo wilayani Kahama, na Zitto Kabwe, ambaye adhabu yake ya Bunge ilikuwa haijaisha.

Wapo waliomlaumu kwa kukubali. Walisema ameingizwa ndani ili anyamaze. Sikubaliani nao. Mwanasiasa aliyedai mikataba isomwe alipewa nafasi ya kuisoma. Kuikataa kungekuwa kupenda jukwaa kuliko jibu. Kamati ilikabidhi ripoti mwaka 2008, ikipendekeza mrabaha uongezwe na ukokotolewe kwa thamani ghafi ya madini, na serikali iwe na hisa katika migodi. Mengi ya hayo yaliingia katika Sheria ya Madini ya 2010: mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 4 ya thamani ghafi. Mikataba ya zamani ililindwa na vifungu vyake, lakini mwaka 2012 African Barrick Gold, kampuni iliyokuwa sasa inamiliki Buzwagi, ilikubali kulipa kiwango kipya. Mwaka 2014 kikomo cha dola 200,000 nacho kikavunjwa, na halmashauri zikaanza kulipwa asilimia 0.3 ya mauzo.

Waziri aliyesaini hakudumu. Februari 2008, ripoti ya kamati teule kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond ilimwangusha Waziri Mkuu Edward Lowassa, na Karamagi akajiuzulu pamoja naye. Haki inataka isemwe wazi kwamba kujiuzulu huko kulihusu Richmond, na kuhusu Buzwagi hakuna chombo kilichomtia hatiani.

Zitto aliyerudi bungeni alikuwa mtu mwingine. Alikuwa amejifunza kwamba hesabu, zikisomwa kwa sauti, zinaweza kutikisa serikali, na kazi yake yote iliyofuata aliijenga juu ya hilo. Aliongoza Kamati ya Hesabu za Mashirika ya Umma. Aprili 2012, baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, alikusanya saini za wabunge zaidi ya 70, wakiwamo wa chama tawala, CCM, kutaka kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Kura haikupigwa, lakini wiki chache baadaye Kikwete alilipangua Baraza la Mawaziri na sita wakaondoka. Mmoja wao alikuwa Ezekiel Maige, mjumbe mwenzake wa Kamati ya Bomani, aliyekuwa sasa Waziri wa Maliasili na Utalii. Novemba 2014 Zitto, akiwa mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali, aliwasilisha ripoti kuhusu fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu, Profesa Anna Tibaijuka akaondolewa uwaziri, na Profesa Sospeter Muhongo, Waziri wa Nishati na Madini, akafuata Januari 2015.

Wakati huo Zitto alikuwa tayari anakipoteza chama chake. Mgogoro wa uongozi ndani ya CHADEMA ulimvua vyeo Novemba 2013, na Machi 2015, baada ya kesi yake kushindwa mahakamani, akafukuzwa. Akaachia ubunge, akaingia ACT-Wazalendo na kuwa kiongozi wake. Miezi michache baadaye CHADEMA ilimpokea Lowassa na kumfanya mgombea urais, Slaa akaondoka. Wale waliosimama pamoja Mwembeyanga walikuwa wametawanyika. Katika uchaguzi wa Oktoba 2015 Zitto alishinda Kigoma Mjini, akaingia bungeni akiwa mbunge pekee wa chama chake. Matangazo ya moja kwa moja yaliyomjenga mwaka 2007 yakapunguzwa Januari 2016, na Mei mwaka huo akawa miongoni mwa wabunge wa upinzani waliosimamishwa baada ya kupinga uamuzi huo.

Kisha ikaja 2017. Machi, Rais John Magufuli, mtoto wa Chato mkoani Geita, alizuia usafirishaji wa mchanga wa madini nje ya nchi. Mchanga huo, ambao nchi nzima ilijifunza kuuita makinikia, ulitoka Bulyanhulu na Buzwagi. Makontena 277 yalizuiwa bandarini Dar es Salaam. Ripoti ya Profesa Abdulkarim Mruma kuhusu mchanga huo ilitoka Mei, na Muhongo, aliyekuwa amerudishwa wizarani, akatimuliwa. Ripoti ya Profesa Nehemiah Osoro ikafuata Juni. Julai, kwa hati ya dharura, Bunge likapitisha sheria mpya: serikali ipate hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi, mrabaha wa dhahabu uwe asilimia 6, na mikataba ya rasilimali za nchi itolewe taarifa bungeni, Bunge likiwa na mamlaka ya kutaka masharti mabaya yajadiliwe upya.

Kifungu hicho cha mwisho ndicho kiini cha hoja ya Agosti 2007. Kilichukua miaka kumi kufika, na kilifikishwa na chama kile kile kilichoikataa. Magufuli mwenyewe alikuwa Waziri wa Ardhi katika baraza alilokaa Karamagi. Kufikia 2017 Zitto alikuwa miongoni mwa wakosoaji wakali wa serikali ya Magufuli, na Mei 2020 alitiwa hatiani kwa uchochezi, akaachiwa kwa sharti la kukaa mwaka mmoja bila kutoa kauli za aina hiyo. Katika hotuba za kushangilia sheria zile, mchango wake wa mwaka 2007 haukupewa nafasi unayostahili, na jambo hilo linanisikitisha mpaka leo. Sheria nzuri haipungukiwi na kitu ikikiri kwamba wazo lake liliwahi kuadhibiwa.

Oktoba 2020 Zitto alipoteza ubunge. Januari mwaka huo huo serikali na Barrick walikuwa wamesaini makubaliano yaliyoithibitisha Twiga Minerals, kampuni ya ubia ambamo nchi ina asilimia 16. Buzwagi, ambako uzalishaji ulianza 2009, uliacha kusaga mawe mwaka 2021. Serikali imeamua eneo lake ligeuzwe kanda maalumu ya kiuchumi, na Manispaa ya Kahama, iliyokua kwa kasi migodi ilipokuwa inachimba, inatafuta viwanda vya kujaza pengo la ushuru. Machi 2024 Zitto alimkabidhi Dorothy Semu uongozi wa ACT-Wazalendo.

Tarehe 17 Aprili 2023, kampuni tatu za Australia zilisaini mikataba ya madini na serikali. Saini zilitiwa Ikulu ya Chamwino, Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, televisheni zikirusha.