Tembo la Mnazi na Mvinyo wa Mreno

Wareno wa kwanza kufika karibu na Tanga walipokewa kwa machungwa. Ilikuwa Aprili 1498, na São Rafael, mojawapo ya meli za Vasco da Gama, ilikuwa imekwama kwenye fungu karibu na Mtangata, mahali tunapopaita leo Tongoni. Mashua mbili ziliwaletea matunda, na mwandishi wa safari akakiri kuwa yalishinda ya kwao Ureno. Meli ilijinasua, lakini haikufika mbali maishani. Januari 1499, msafara ukirudi kutoka India, kiseyeye kilikuwa kimeua mabaharia wengi mno hata hakukuwa na mikono ya kutosha kuiendesha. Ikateketezwa kwa moto kwenye mafungu yaleyale.

Mvinyo wao ulifika pwani hii na haukuota mizizi. Wala haukuwa wa kwanza. Kitabu cha Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, kinasema wafanyabiashara walileta mvinyo kidogo Azania, jina la kale la pwani hii, kwa ajili ya kujipendekeza kwa wenyeji, si kwa kuuza. Wareno nao, waliojenga Ngome ya Yesu Mombasa kuanzia 1593 na kuipoteza 1698, waliuhitaji kwa misa na kwa chakula, wakautegemea kutoka ng'ambo. Tanganyika ilisubiri hadi miaka ya 1950, wamisionari wa Kitaliano walipopanda mizabibu Bihawana, karibu na Dodoma. Huko zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Mkazi wa Ngamiani akitaka kuona kinywaji kikitengenezwa, hana haja ya kufika Dodoma, sembuse Ureno. Ngamiani yenyewe ni mtaa wa Tanga wenye barabara zilizonyooka, zinazoitwa kwa namba; minazi ya kugemwa iko mashambani. Aamke mapema, aelekee kusini njia ya Tongoni, au kaskazini upande wa Wadigo, amtafute mgema.

Mgema hupanda kwa vipandio vilivyochongwa shinani, kotama kiunoni. Kule juu hulifunga karara ambalo halijafunguka, akakata kipande chembamba cha ncha yake, akatundika kibuyu chini yake. Asubuhi hupanda, jioni hupanda tena, na kila mara karara huchongwa upya ili utomvu usizibe. Karara linalogemwa halizai nazi, kwa hiyo mwenye shamba huchagua: dafu au tembo.

Utomvu huo una sukari nyingi, na hamira ya hewani huuingia tangu ukidondoka. Hapo ndipo tembo linapoachana kabisa na mvinyo wa Ureno. Mgeni anayezuru maghala ya Vila Nova de Gaia, mkabala na Porto, huonjeshwa mvinyo uliokaa pipani miaka 10, 20, hata 40, zao la bonde la Douro lililowekewa mipaka kwa amri mwaka 1756. Tembo lililokaa saa 20 tayari linaelekea kuwa siki. La alfajiri ni tamu, la mchana linauma ulimi, la jioni ni la wenye vichwa vigumu. Kinywaji cha namna hii hakijengewi ghala, na nadhani ndiyo sababu wanahistoria wengi wamekipita bila kugeuka.

Hata siki yake ina historia. Goa, koloni la Wareno huko India tangu 1510 hadi 1961, ilikosa siki ya zabibu. Wapishi wakatumia ya tembo la mnazi, na ndiyo iliyotia ukali kwenye mchuzi wa vindaloo.

Pwani yetu, tembo limeishi jirani na msikiti, na ujirani huo haukuwa mwepesi. Mwanaanthropolojia David Parkin, katika kitabu chake cha 1972 kuhusu Wagiriama wa Kenya, alieleza jinsi baadhi ya waliokuwa wakikusanya minazi na mali walivyoingia Uislamu kwa madai ya kushikwa na pepo aliyewataka wasilimu. Wakishasilimu, waliruhusika kutokunywa na wenzao, na hivyo wakaukwepa mzigo wa ukarimu unaokula mtaji. Tembo liliwaamulia watu nani ni ndugu na nani ni tajiri.

Minazi yenyewe ina adui. Ugonjwa wa kunyong'onyea uliripotiwa tangu zama za Wajerumani, na mpango wa taifa wa kuendeleza zao hilo ulianza 1979. Jitihada hizo zimezungumza zaidi juu ya nazi na mbata. Mgema amebaki pembeni, akikumbukwa kwa methali ya kutia maji tu. Hiyo ni dharau kwa fundi. Makumbusho ya Tanga yangefanya vyema kuweka kotama na kibuyu miongoni mwa picha za reli na mkonge, na kumwalika mgema mwenyewe aje aeleze kazi yake.