Anisi: kutoka mbegu ya wazee mpaka chupa ya mafuta

Wengi wetu tunajua harufu ya anisi kupitia bonboni, mukate ao kinywaji cha Bulaya. Wachache tu ndio wanajua kama inchi yetu Kongo nayo imeandikwa katika historia ya harufu hii. Musomaji mupendwa, tuifuate polepole, kwa sababu leo kuna mambo ya afya ndani yake.

Anisi ni mumea mudogo wa upande wa mashariki wa bahari ya Mediteranea, ndugu ya karoti. Kile tunachoita mbegu ni matunda yake yenye kukauka. Waroma wa zamani walikuwa wanakulaka maandazi ya anisi kisha karamu kubwa, juu ya kutuliza tumbo. Plinius, mwandishi wao wa karne ya kwanza, aliandika kama kuitafuna asubuhi kunaondoa harufu mbaya ya kinywa. Mwaka wa 1305, Edward I, mufalme wa Uingereza, aliiweka kati ya bidhaa za kulipiwa ushuru kwa kutengeneza daraja la London. Basi ilikuwa bei, haikuwa majani ya bure.

Kwa wakati ule wote, watu wa kawaida walitumia mbegu yenyewe. Walitafuna kidogo, walitia mu mukate, walitokotesha chai kwa tumbo lenye kujaa hewa na kwa kikohozi. Ile ndiyo desturi ya kweli ya anisi.

Mafuta ni jambo lingine. Wanapitisha muvuke wa maji ya moto katika mbegu, kisha wanaupoza, na mafuta yanajitenga. Kilo 100 za mbegu zinatoa kilo 2 ao 3 hivi za mafuta. Karibu yote ni kitu kimoja kinachoitwa anetoli, na ndiyo sababu chupa ikiwekwa pa baridi inaganda. Angalia vizuri hesabu hii: nguvu ya mbegu mingi imefungwa katika matone machache.

Karne ya 19, Wafaransa na Waswisi walipenda sana abusenti, pombe kali ya majani machungu, anisi na fenuye. Hapa ndipo Kongo inaingia. Mwaka wa 1898, serikali ya Léopold II ilikataza abusenti katika État Indépendant du Congo, mbele hata Ubelgiji yenyewe haijaikataza. Uswisi ilifuata mu 1910, Ufaransa mu 1915. Kisha Paul Ricard akaanza kuuza pastisi yake kule Marseille mu 1932, na harufu ya anisi ikarudi mezani. Juu ya kuzuia watu wasijitengenezee pombe, sheria ya Ufaransa iliweka mafuta ya anisi mikononi mwa mufamasia, na mutu wa kawaida aliyapata tu kwa karatasi ya munganga.

Mwaka wa 1937, René-Maurice Gattefossé wa Lyon alitoa kitabu kilichoeneza neno aromaterapi. Tangu pale watu wanachanganya matone ya anisi na mafuta ya kula kwa kusugua tumbo, ao wanavuta muvuke wake wakiwa na kikohozi.

Lakini tusidanganyike. Anetoli inaweza kufanya kazi sawa homoni ya wanawake. Kwa hiyo mama mwenye mimba, mwenye kunyonyesha, ao mwenye kansere ya titi asitumie mafuta haya bila munganga. Mutoto muchanga asinyweshwe hata tone. Hata chai ina hatari yake, kama mumea haujulikani. Mu 2003, wakubwa wa afya wa Marekani walionya juu ya chai ya anisi ya nyota, muti wa China wenye harufu ileile: watu karibu 40 waligonjwa, na kati yao watoto wachanga karibu 15. Anisi ya nyota ya Japani, yenye sumu, inafanana nayo sana.

Mutu akikuambia «ni dawa ya wazee», umuulize: wazee walitumia mbegu ao chupa? Na ni mumea gani? Kulinda desturi ni kulinda pia kipimo chake. Wazee walituachia mbegu chache katika kikombe. Chupa ilikuja nyuma, nayo ina masharti yake.