Penseli na Kompyuta: Jasho ni la Nani?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu.

Ama baad. Ndugu msomaji, watoto wetu hutazama katuni asubuhi na jioni, na huwasikia wakubwa wakisema: zamani watu walichora, siku hizi kompyuta hujichorea yenyewe. Katika hukumu ya picha wanazuoni wamekhitalifiana, na jambo hilo lina mahali pake. Leo naitazama kauli hiyo tu, kwa kuwa ndani yake mna dhuluma.

Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde. Dakika moja ni picha 1,440. Walt Disney alipoonyesha Snow White huko Los Angeles, Desemba 1937, kila picha ilikwisha kupita katika mikono ya watu. Mmoja alichora kwa penseli, mwingine akanakili kwa wino juu ya karatasi ya seluloidi iliyo angavu kama kioo, wa tatu akapaka rangi kwa nyuma. Kazi ya wino na rangi ilikuwa zaidi ya wanawake, na majina yao hayakutajwa katika filamu. Sifa zikamwendea mwenye studio. Mei 1941 wafanyakazi wake wengi waligoma, wakidai chama chao kitambuliwe na mishahara iwe ya uadilifu.

Novemba 1995 ikatoka Toy Story ya Pixar, filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta. Humo umbo huundwa mara moja ndani ya mashine, mfano wa mwanasesere mwenye viungo. Kisha fundi humpangia mikao yake: jicho, bega, kidole. Mashine hujaza yaliyo baina ya mkao na mkao, na hukokotoa mwanga na kivuli. Picha moja iliweza kuchukua saa nyingi. Lakini huzuni ya mwanasesere yule imepangwa na binadamu. John Lasseter, aliyeiongoza filamu hiyo, alisomea kuchora kwa mkono.

Baada ya hapo wachoraji wengi wa Marekani walipoteza kazi, ikadhaniwa penseli imekufa. Kumbe Spirited Away ya Mjapani Hayao Miyazaki, iliyotoka 2001 na kuchorwa zaidi kwa mkono, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2003. Na hata hiyo rangi zake zilipakwa kwa kompyuta. Basi ala hizi mbili si maadui.

Ndugu zangu, ala hubadilika, jasho halibadiliki. Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Asemaye kuwa mashine imefanya yote amekwisha kumfuta mtu, na aliyefutwa ni rahisi kudhulumiwa.

Mzazi, filamu ikimalizika usiizime upesi. Mwonyeshe mwanao yale majina yanayopita, umwambie: hawa ndio waliofanya kazi.

Wabillahi taufiq.