Sauti ya HDMI kwenye Linux: nani alishika ufunguo?

Wengi wetu tunatumia Linux juu mashini zetu ni za zamani na Windows mpya inazilemea. Na wengi mnajua shida hii: unachomeka kable ya HDMI kwenye tele, picha inatokea safi, lakini sauti inabaki kwenye mashini. Watu wanasema eti Linux ni mbovu. Mimi nilisoma agronomia, si informatiki, lakini nimefuata historia ya jambo hili na ninaona hukumu hiyo si ya haki.

Turudi nyuma. Kable ya VGA, ambayo IBM ilileta mwaka 1987, ilibeba picha peke yake. Sauti ilikuwa na karti yake na tundu lake. Picha huku, sauti kule. Linux ilizaliwa katika hali hiyo mwaka 1991, mikononi mwa Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki. Hata ALSA, mfumo wa sauti wa Linux ambao Jaroslav Kysela alianzisha mwaka 1998, ulikuta mambo yako vile vile.

Desemba 2002 kampuni saba, kati yao Sony, Philips, Toshiba na Hitachi, zikatoa HDMI: kable moja, picha na sauti pamoja. Lakini ili sauti ipite humo, lazima itokee kwenye karti ya picha. Basi mashini moja ikawa na njia mbili za sauti: moja ya spika zake, nyingine imejificha upande wa picha.

Hapo njo shida ilianzia. Karti haiendi bila piloti, yaani programu ndogo inayoiongoza, na mwenye kuandika piloti lazima ajue karti inafanya kazi namna gani. Maelezo hayo kampuni nyingi ziliyafungia. AMD, iliyonunua ATI mwaka 2006, ilianza kuyatoa mwaka 2007, lakini ya sauti ya HDMI yalichelewa. Watu wa kujitolea wakachunguza karti kidogo kidogo, wakijaribu na kurudia. Kwa muda fulani sauti hiyo ilikuwemo ila imezimwa. Ulipaswa kuandika radeon.audio=1 ili iwake. Mpaka Januari 2014, na Linux 3.13, njo ikaanza kuwaka yenyewe. Karti mpya zaidi za AMD zilingoja Linux 4.15, Januari 2018.

Leo kazi imepungua sana. Chomeka kable na uwashe tele kwanza, juu ni tele inayoambia mashini sauti gani inakubali. Kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti, uchague HDMI pahali pa spika. Kama haionekani, andika aplay -l kwenye terminali. HDMI ikiwa kwenye orodha, karti inajulikana, imebaki kuchagua tu. Isipokuwemo, angalia upande wa piloti: jaribu Linux mpya zaidi.

Mtaniuliza, mwana-agronomia anatafuta nini humu? Fikirieni mafunzo kijijini. Tunaonyesha video ya mnyauko wa migomba, maelezo yako kwa Kiswahili. Mama ambaye hakupata kusoma anategemea sikio. Bila sauti ataona mtu anakata mgomba mgonjwa, basi. Hatasikia kwamba panga lazima lipite motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Atarudi kwake, atakata, na panga lile lile litapeleka ugonjwa kwenye migomba mizima.

Na mlango haujafunguka wote. Februari 2024 ilijulikana kwamba HDMI Forum, chama kinachosimamia HDMI, kimekatalia AMD kutoa piloti ya wazi ya HDMI 2.1. Hiyo haizimi sauti ya mashini zetu, lakini inaonyesha ufunguo ungali mikononi mwa nani.

Kwa hiyo, ninyi wa informatiki, mkikuta mashini isiyotoa sauti, msiishie kulalamika. Andikeni jina la karti, namba ya Linux na ile orodha ya aplay, mutume kwa wanaotengeneza piloti. Wale waliotutangulia walifungua mlango huu kwa habari ndogo ndogo za namna hiyo.